Muhula wa Kuchora Bila Kufuta

Jumatatu, 5 Mei

Nesi wa kliniki amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika ulichofanya. Hisia zikija, karibu. Zisipokuja, usizitafute."

Haya. Nimeamka. Nimenyonyesha. Nimerudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Mvua imenyesha. Nimenyonyesha tena.

Jumanne, 6 Mei

Mwalimu Mkuu amenipa somo la kuchora kwa madarasa ya chini. Zamani nilifundisha kusoma. Anasema kuchora ni kazi nyepesi, "itakufaa kwa hali yako." Hiyo hali yangu ameitaja akiangalia dirisha. Siku hizi watu wengi wanaongea nami wakiangalia dirisha.

Alhamisi, 8 Mei

Kipindi cha kwanza. Nimepita na kopo la maziwa nikakusanya raba zote za kufutia. Ndivyo alivyotufundisha mwalimu wetu wa kuchora chuoni, na kusema kweli sikumbuki mengine mengi.

Yuko mtoto mmoja wenzake wanamwita Mheshimiwa kwa sababu haulizi swali bila kusimama. Akasimama. "Mwalimu, kwa heshima zote, mtu akikosea je?"

"Auache huo mstari, achore mwingine pembeni yake."

"Na ule wa kwanza?"

"Ubaki hapohapo. Utamwonyesha alipokosea."

"Kwa hiyo makosa yetu yataonekana na kila mtu."

"Ndiyo."

"Mwalimu, huo ni udhalilishaji." Darasa likacheka.

Nyuma kabisa kuna msichana mdogo, mwembamba, wanamwita Futafuta. Nilipomnyang'anya raba, alilamba kidole akaanza kufuta kwa mate, mpaka karatasi ikatoboka. Hakulia. Aliingiza kidole kwenye tundu akawa anakichungulia upande wa pili.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Nguo za mtoto hazikauki.

Jumamosi, 10 Mei

Baba mtoto amerudi kutoka kazini. Anachomelea vyuma vya daraja huko mbali, huja mwisho wa wiki. Amembeba mtoto, amemrusha juu, mtoto amecheka. Nimeangalia wote wawili kama watu wa kwenye televisheni ya jirani, sauti imezimwa.

Niandike ukweli, kwa kuwa nesi amesema. Mtoto ana miezi minne. Namwogesha vizuri. Namkausha makunjo yote ya shingo, nampaka mafuta, namvalisha. Lakini namfanyia yote kama mtu anayeosha vikombe vya mwenye nyumba: taratibu, visivunjike, maana si vyake. Nesi anasema ni ugonjwa, huwapata wengi baada ya kujifungua, na unapona. Namwamini. Ni kama ninavyoamini kwamba kuna nchi zenye theluji.

Jumanne, 13 Mei

Leo mistari tu. Uliolala, uliosimama, uliochoka. Mheshimiwa ameuliza mstari uliochoka ukoje. Nimechora ubaoni. Akasema, "Huo ni mgongo wako, Mwalimu."

Jumamosi, 17 Mei

Mama mkwe amekuja kututembelea. Ni mwanamke mzuri, sina la kumsema. Amekuja na viazi, sabuni na dawa ya tumbo la mtoto. Amekaa kwenye kochi akinitazama nikimbadilisha mtoto nepi, kisha akasema taratibu, bila ukali:

"Mwanangu, unamshika kama unashika sinia."

Ni kweli.

Baada ya chakula akatoa alilokuja nalo. Shule zikifungwa amchukue mtoto akakae naye kwake, mpaka aanze kutembea, ili nipate nafuu. "Mkono mmoja haulei mwana," akasema. "Wala siyo aibu."

Baba mtoto alikuwa amekaa karibu na mlango, ametugeuzia ubavu. Akasema, "Mimi mwenyewe nililelewa na bibi mpaka nikaanza shule. Mama alikuwa anafanya kazi mji mwingine. Nina kasoro gani?"

Mama mkwe akajikuna goti.

Wakanigeukia. Nikasema sawa. Ilikuwa kama wameniuliza mchuzi uongezwe chumvi.

Jumapili, 18 Mei

Nimelala.

Jumanne, 20 Mei

Kikombe. Nimekiweka juu ya meza mbele ya darasa. Wote, wote kabisa, wamechora mdomo wa kikombe kama duara kamili, kama vile wanakiangalia kutoka darini.

"Nani ameona duara hapo?"

Mikono yote juu.

"Hamjaliona. Mnajua tu kwamba kikombe ni cha duara. Nimewaomba mchore mnachokijua? Inameni, macho yawe sawa na meza. Mnaona nini?"

Futafuta, kwa sauti ndogo: "Yai limelala."

"Chora hilo yai."

Amechora yai lake mara nyingi, moja juu ya jingine, kama kiota. Moja katikati ni sahihi. Nimemwonyesha. Ameliangalia kama mtu aliyepewa chenji nyingi kupita kiasi.

Jumanne, 27 Mei

Kumbe shuleni kwetu kuchora kuna faida moja. Mvua ikipiga mabati ya paa, hakuna mwalimu anayesikika. Mwalimu wa hesabu amepiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha akaja mlangoni kwangu na darasa lake lote nyuma yake kama kuku na vifaranga. Ameniashiria tu kwa mikono: wachukue. Mimi nilikuwa nafundisha bila kusema neno. Naonyesha, wanachora.

Mvua ikinyesha, mwalimu shuleni ni mmoja, na ndiye mimi. Nilitaka kumsimulia mtu hilo jambo nyumbani. Nikamsimulia mtoto. Hakunisikia, alikuwa amelala, lakini nimesimulia.

Jumanne, 3 Juni

Kliniki. Uzito wa mtoto umeongezeka. Nesi ameuliza, "Na wewe?" Nikamwambia na mimi umeongezeka. Amecheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuwa natania.

Alhamisi, 5 Juni

Kupima kwa penseli. Mkono unyooke, jicho moja lifumbwe, kidole gumba kiteleze kwenye penseli mpaka kifike mwisho wa unachopima. Nikawaonyesha. Mheshimiwa akasimama: "Mwalimu, kwa heshima zote, unatukonyeza." Kipindi kizima wakawa wanakonyezana. Futafuta hawezi kufumba jicho moja, akifumba moja yanafumba yote mawili. Amemwomba mwenzake amzibe kwa kiganja.

Jumatano, 11 Juni

Kigoda. Leo nimewaambia wasichore kigoda. Wachore hewa iliyo katikati ya miguu yake. Wamenishangaa, kisha wakachora, na vigoda vikatokea vyenyewe, vizuri kuliko vyote walivyowahi kuchora wakivikusudia.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe amepiga simu, anauliza shule zinafungwa lini hasa, anataka kumfumia mtoto blanketi. Baba mtoto ndiye aliyepokea. "Ndiyo, Mama. Hapana, Mama. Asante, Mama." Nimemsikiliza. Anaongea na msimamizi wake wa kazi hivyohivyo. Na mama yake akija, hamkalii uso kwa uso, daima ubavu. Huwa nawaona hivyo siku zote, leo ndiyo nimeona.

Labda ni hivi vikombe na vigoda. Macho yanazoea.

Alhamisi, 19 Juni

Mtoto hajalala, nami sijalala. Nimefundisha kivuli nikiwa nimeegemea changu ukutani.

Jumanne, 24 Juni

Nyuso. Kila mmoja amchore jirani yake. Kama nilivyotarajia, macho yote yamepanda juu kwenye paji, pale nywele zinapoanzia. Watoto huona paji la uso halina kazi, kwa hiyo hawalipi nafasi.

Nikawaambia wapimane kwa penseli. Kutoka utosini mpaka kidevuni, macho yako wapi? Wakapima. "Katikati!" Wamekasirika kabisa, kama wamedanganywa maisha yao yote.

"Na mtoto mchanga?" akauliza Futafuta. "Yake yako wapi?"

"Chini kidogo ya katikati. Kichwa chake ni kikubwa juu."

"Wa kwako pia?"

Nikasema ndiyo. Nimesema kwa sababu imeandikwa kitabuni.

Alhamisi, 26 Juni

Nitaandika yote leo.

Asubuhi dada anayenisaidia kulea hakuja. Alituma ujumbe, anaumwa jino, uso umevimba. Majirani wote walikuwa wameshatoka. Mwalimu Mkuu ana sheria moja anayoirudia kila mkutano: watoto wachanga wasiletwe shuleni, hapa si zahanati. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, nikachukua mwavuli, nikaenda. Nilifikiri nikikaa darasani mwangu kule mwisho, nani ataniona?

Mvua ikafungulia kabla hata sijaita majina. Mwalimu wa hesabu huyo, na vifaranga wake. Na nyuma yake mwalimu wa kusoma na wa kwake. Watoto wakakaa watatu watatu, wengine chini. Wote wakawa wanaangalia mgongo wangu.

Nilikuwa nimepanga tuchore birika. Lakini ningelichorea wapi, mtoto alishaanza kulia. Hatukumsikia, tuliona tu mdomo. Nikamfungua, nikatandika mbeleko juu ya meza, nikamlaza, mkono wangu mmoja tumboni kwake asianguke. Akaona mabati, akaona vichwa vyote vile, akanyamaza. Akacheka, ufizi mtupu. Mheshimiwa akasimama, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KIBOGOYO. Wakacheka wote, tuliona mabega yakitikisika.

Nikanyoosha penseli, nikafumba jicho moja, nikampima mtoto. Wakaelewa. Penseli zote zikanyooka.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaingia. Ameloa mpaka magotini. Alimwona mtoto mezani, akafungua mdomo. Akasema, nadhani, maneno mengi. Hatukusikia hata moja. Alisema tena, akionyesha kidole mezani, kisha mlangoni. Mvua ikazidi. Mwisho mtoto mmoja wa benchi la mbele akasogea akampa nafasi, na Futafuta akampa karatasi na penseli, kwa mikono miwili, kwa adabu. Mwalimu Mkuu aliangalia ile karatasi. Akakaa. Akachora.

Sijui tulikaa muda gani. Mkono wangu ulikuwa tumboni kwa mtoto, nausikia ukipanda na kushuka.

Mvua ilipopungua, ikarudi sauti ya vitu. Mheshimiwa alikuwa amechungulia karatasi ya mkubwa. "Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, macho yamepanda."

"Yamepanda wapi?"

"Kwenye paji. Yapo katikati, chini kidogo. Pima."

Mwalimu Mkuu akapima. Akachora mengine chini yake. Mtoto wake ana macho manne.

Nikapita kukusanya. Wengi wamechora kichwa kama tikiti. Futafuta hakuchora kichwa. Ukurasa mzima amechora sikio moja, la kushoto, mistari juu ya mistari, na hapo mbele ya sikio, juu kidogo, linapoungana na shavu, amekoleza nukta.

"Hii ni nini, imekudondokea?"

"Hapana, Mwalimu. Ni kitundu."

"Kitundu gani?"

Akanitazama kama anavyonitazama nikiwauliza maswali ambayo majibu nayajua. "Kitundu chake. Si hicho hapo?"

Nikainama. Kipo. Kidogo, kama kimetobolewa kwa ncha ya sindano, ngozi imekizunguka vizuri. Amezaliwa nacho. Nimemwogesha mtoto huyu kila siku ya Mungu, nimepitisha kitambaa hapo asubuhi na jioni.

Mwalimu Mkuu akanisubiri mlangoni. "Mtoto huyu asionekane tena shuleni."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na leo sikumwona." Akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Ijumaa, 27 Juni

Nimeangalia masikio yangu kwenye kioo. Hamna kitu.

Jumamosi, 28 Juni

Baba mtoto alikuwa amejilaza, nikamgeuza kichwa. Sikio la kushoto. Kipo, palepale.

"Unatafuta chawa?"

"Una kitundu."

"Kile? Bibi alikuwa ananisafishia kwa pamba. Alisema hicho ndicho kinachopitisha maneno nisiyotaka kuyasikia." Akacheka, akafumba macho. Baadaye akasema, kama anaongea na dari, "Sijui kama Mama anakijua."

Jumatano, 2 Julai

Nimemkausha Kibogoyo sikio kwa pamba. Hapendi.

Jumanne, 8 Julai

Akilala, mkono wa kushoto hufumba, wa kulia hubaki wazi. Akinyonya, hunipekua kwapani kwa vidole kama anatafuta ufunguo. Nyusi zake hazijaota sawa. Sisemi nahisi chochote. Naandika ninachokiona.

Ijumaa, 11 Julai

Tumefunga shule. Nimewarudishia raba zao. Futafuta ameichukua yake, akaigeuzageuza, akaitia mfukoni. "Ya kufutia hesabu," akaniambia, ili nisije nikamfikiria vibaya.

Kesho Mama mkwe anakuja. Nimekunja nguo za mtoto. Nimezikunjua. Nimezikunja.

Jumamosi, 12 Julai

Alifika asubuhi na begi jipya, dogo, la rangi ya machungwa, na lile blanketi alilofuma. Limefumwa vizuri sana. Hakuna kosa hata moja, nimelitafuta.

Akanywa maji, akaweka bilauri chini. "Haya, mama mtoto. Nguo zake ziko wapi?"

Nikasema, "Mama, haendi."

Baba mtoto, pale pake karibu na mlango, akasema, "Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Sasa nimekataa."

Mama mkwe hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akanishika mkono. "Mwanangu, niambie ukweli. Unampenda huyu mtoto?"

"Sijui, Mama."

"Sasa?"

"Lakini nimeanza kumwangalia. Ukimchukua sasa, nitapotea nilipofika."

"Kumwangalia hata jirani anamwangalia."

"Ndiyo, Mama. Na mimi nilikuwa kama jirani. Nakuomba usiniondoe getini."

Nikaona afadhali nimwonyeshe kuliko kuendelea kusema, maneno si kazi yangu tena. Nikamweka mtoto mapajani kwake. Nikamwambia habari za mkono wa kushoto, na za kupekua kwapa. Nikamgeuza kichwa. "Na hapa, ukimwogesha, lazima ukaushe."

Akavaa miwani. "Hii nini? Mmemtoboa?"

"Amezaliwa nacho."

"Mh. Kwetu hakuna kitu kama hiki. Hiki kitakuwa cha kwenu."

Nilimwangalia baba mtoto. Alikuwa amekaa ubavu kama siku zote, na kwa vile amekaa ubavu, sikio lake la kushoto lilikuwa linatutazama moja kwa moja, kwenye mwanga wa mlango. Limetutazama hivyo miaka yote. Jambo hili halikuwa langu kulisema, nikaacha.

Kisha baba mtoto akasema, "Kwetu kipo, Mama."

"Kipo wapi?"

Hakuonyesha. Alikaa tu. Mama mkwe akanirudishia mtoto, akainuka, akaenda mlangoni. "Hebu geuka vizuri."

Mwanamume huyu anapanda juu ya daraja na moto mkononi. Akainamisha kichwa kama mtoto wa chekechea. Mama yake akamshika sikio kwa vidole viwili, akalivuta kidogo kuelekea kwenye mwanga.

"Kinakuuma?"

"Hapana. Zamani, kikiingia maji."

"Nani alikuwa anakisafisha?"

"Bibi."

"Kwa nini?"

"Kwa pamba."

Mama mkwe alibaki amelishika lile sikio. Hakulia. Nimeshazoea kuangalia mistari, niliona tu ule wa mgongo wake ukibadilika. Kisha akaenda jikoni, tukamsikia anaosha vikombe ambavyo nilishaviosha.

Aliporudi alikuwa anajifuta mikono kwa gauni. "Nitakaa hapa wiki hii," akasema. "Nitalala kwenye kochi. Mtoto simbebi mpaka uniambie mwenyewe, 'Mama, nishikie.' Kazi nyingine zote niachie."

Blanketi akamfunika mtoto. Begi, kwa kuwa halikuwa na la kufanya, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumapili, 13 Julai

Nimechora sikio la mwanangu. Nimekosea mara nyingi, yote yanaonekana.

Jioni nimemwambia, "Mama, nishikie." Alikuja mbio na mikono ina sabuni.

Jumanne, 15 Julai

Hakuna mvua. Nguo zimekauka zote.

Nimeamka. Nimemnyonyesha Kibogoyo. Ameniuma, nikapiga kelele mpaka Mama akaingia na mwiko mkononi akidhani kuna mwizi. Nimesikia maumivu, makali, yangu kabisa. Nikamfungua mdomo nikaangalia. Chini, upande wa kushoto, jino.

Nimeliona mimi wa kwanza.